Mama Kwenye Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza wimbo wa tatu, uliokuwa umebaki. Nyimbo zote ni tano, jumla dakika thelathini na moja — hakuna ngoma, hakuna maneno. Binamu yangu tunayemwita Waya, fundi redio, ndiye anayeniazima kompyuta, na ndiye atakayeziweka mtandaoni Jumamosi saa nne asubuhi. Hata jalada lipo tayari: picha ya kutu kwenye mlango wa friji.

Chini kabisa ya wimbo wa tatu ni mvumo wa friji kuukuu la karakana ya Baba. Nimeuvuta mpaka umekuwa mzito kama wingu. Juu yake sauti zinazokatika-katika — waya mbovu wa maikrofoni, nimeziacha makusudi. Na katikati, Mama.

Mama hajui.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya. Mwaka juzi alipasuliwa koo. Sauti ikarudi imekwaruza, naye akaacha. Siku hizi huimba kwa puani tu, midomo imefumbwa, akiwa kwenye cherehani na akidhani yuko peke yake. Akisikia mlango, kimya.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, narekodi mlio wa cherehani. Nikapata nisichokitafuta. Nilipaswa kuzima.

Sikuzima. Akijua, huenda asiimbe tena hata kwa puani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Waya tumtoe Mama kwenye wimbo. Akamtoa, tukasikiliza. Akakuna kidevu. Akasema hapo limebaki friji, na friji hata yeye analo nyumbani. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Si umwombe tu? Kwani atakung'ata?"

Rahisi kusema. Mimi hata ruhusa ya kwenda maktaba naiandika kwanza ndipo niiombe.

Basi nimeandika. Mistari sita. Karatasi iko ndani ya kitabu cha kemia.

Ijumaa, 7 Machi

Mezani, jioni. Nikamwita Mama. Akasema, niambie mwanangu. Nikamwomba chumvi.

Chumvi ilikuwa mbele yangu. Baba akauliza kama macho yananisumbua, maana nasoma mno.

Ujumbe wa Waya: kesho, ndiyo au hapana?

Jumamosi, 8 Machi

Nilichofanya ni hiki. Waya amekuja na spika, tumeiweka karakanani kwa Baba, kwa sababu ukuta wa karakana na wa chumba cha cherehani ni mmoja, tena mwembamba. Ni uoga, najua. Ila uoga unaosogea mbele.

Wimbo wa tatu ukaanza. Mvumo. Baba alikuwa anafungua feni, akainua kichwa. Sauti zikaanza kukatika-katika. Akaweka bisibisi chini, akaenda moja kwa moja kwenye friji kuukuu, akapiga magoti, akabandika sikio mgongoni mwake.

"Kompresa inakufa hii," akasema. Akachomoa plagi.

Mvumo ukaendelea.

Baba akaitazama plagi, akalitazama friji. Waya akatoka nje kucheka. Hata mimi nilicheka kidogo — halafu Mama akaingia kwenye wimbo, na Baba akakaa palepale sakafuni, plagi mkononi. Hakuuliza ni nani.

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ikanyamaza.

Ikanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha Mama akasimama mlangoni, uzi mweupe begani. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi na sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Nikasema tu kwamba nilijificha, kwamba nilipaswa kuomba, kwamba nikiambiwa nifute nitafuta.

Mama hakunitazama. Aliitazama spika.

"Pale katikati niliishiwa pumzi," akasema. "Nikashusha sauti mapema."

Akarudi chumbani kwake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mlango hakuufunga.

Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi. Waya ananionyesha saa, nimemwambia angoje. Baba bado yuko chini, hajarudisha plagi. Karakana haijawahi kuwa kimya hivi. Cherehani nayo haijaanza.

Mama anakohoa. Mara moja, taratibu. Sasa mara ya pili — si kikohozi cha mafua, ni kile cha kwaya, kabla ya kusimama kuimba.

Nimechukua maikrofoni, na waya mzima, si ule mbovu. Naandikia gotini, nje ya mlango wake ulio wazi. Safari hii nimebisha hodi.