Kwa baba, kuhusu lile turubai la Paje

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ni mama anayekusomea gazeti hili hapo barazani Newala, na najua mstari huu wa kwanza ameusoma mara mbili kwa sababu ulikuwa unauliza ni nani kaandika. Ni mimi, Somoe. Sikupiga simu kwa makusudi. Kwenye simu huwa unanikatisha katikati ukaanza kuuliza habari za cherehani, na safari hii nataka nimalize.

Mama aliniambia wiki iliyopita kwamba daktari wa macho amekushauri, kama kuna kitu unatamani kukiona, usikicheleweshe. Akaniambia hukufikiri hata kidogo, ukajibu unataka kwenda Paje kuliona turubai lako. Nasikia tiketi ya basi imeshakatwa. Baba, niliposikia hivyo nilikaa chini hapo hapo kibandani kwetu Kariakoo, mteja akiwa amesimama mbele yangu na futi yake mkononi. Kwa sababu Paje hakuna turubai lako. Halijawahi kuwepo hata siku moja.

Umelisimulia Kariakoo nzima kwa miaka sita, kuanzia Mtaa wa Sikukuu hadi kwa wauza chai wa Msimbazi. Ulilisimulia hadharani, kwa hiyo nami nalikana hadharani, ili kila aliyesikia ajue uongo ulikuwa wa nani. Haukuwa wako.

Unakumbuka jinsi nilivyopata ile kazi. Nilikuwa na cheti changu cha hoteli ndani ya bahasha na mwaka mzima nimekaa kibandani nikikushikia turubai ukishona. Akaja yule mteja aliyetaka mahema ya harusi, ukamsikia akitaja hoteli ya nduguye huko Unguja, ukaacha kushona. Hukuwa mtu wa kuomba. Lakini siku ile ulimwambia, "Nina binti hapa. Mchukueni, hachezi kazini huyu." Mkataba wa miezi mitatu, mhudumu wa mgahawa, msimu wa kusi. Tukaenda Mchikichini kunitafutia viatu vyeusi, ukavikunja soli jozi tisa mpaka muuzaji akakuuliza kama unanunua viatu au unavifanyia mtihani. Siku ya safari tulikula samaki wa kukaanga Feri, ukanichambulia miba kama vile nina miaka mitano, ukasema, "Mama, nimetoa neno langu kwa yule bwana. Usije ukaniaibisha." Nilikuahidi.

Na sikukuaibisha, baba, nataka ulijue hilo kwanza. Kazi niliifanya vizuri. Ila wiki ya pili nikaziona kaiti.

Mama asimame hapo kidogo, najua unauliza kaiti ni nini. Ni tiara, baba, lakini si la karatasi na vijiti vya chelewa. Ni la kitambaa, kubwa kuliko paa la kibanda chetu, lina mrija wa hewa ukingoni ili lisimame. Mtu anajifunga mkanda kiunoni, anasimama juu ya ubao baharini, na upepo unamvuta. Niliwaona wageni wakipita mbele ya mgahawa huku nimeshika sinia la maji ya matunda, na nikaona upande wa pili kijana wa kijijini, Haji, akiwafundisha. Nilisimama mpaka barafu ikayeyuka. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Kwa hiyo nikaanza kupanga. Upepo wa kusi pale hukaza kuanzia saa tano mchana mpaka saa kumi, na zamu ya kawaida ilikuwa inaumeza wote. Kulikuwa na zamu moja tu iliyouacha, zamu ya kukatika: kifungua kinywa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, halafu unarudi kwa chakula cha jioni mpaka usiku. Hakuna aliyeitaka, kwa sababu siku inakwisha na hujapumzika. Mimi nikaiomba, na wenzangu wakanikabidhi kwa furaha kubwa mno. Bi Mosi, mkubwa wetu wa zamu, alinitazama kwa jicho la pembeni. "Hebu nambie, huyo mchumba wa mchana anaitwa nani?"

Nikamwambia anaitwa Kusi. Alikaa siku mbili akiuliza jikoni kama kuna mtu anamjua kijana wa jina hilo.

Tatizo halikuwa saa peke yake. Ilibidi maji nayo yakubali. Siku za bamvua maji yalikupwa mpaka nilitembea robo saa kuyafuata, nikifika yamenifika magotini na muda wa kurudi kuvaa sare umekaribia. Nilibandika ukutani kikaratasi cha saa za kujaa na kupwa karibu na ratiba ya zamu, na nilikuwa nabadilishana siku za mapumziko na wenzangu kwa kuangalia vyote viwili. Nilisinzia nikipanga vikombe. Nilikula nikitembea. Kuhusu mafunzo, unajua yalilipwaje? Kwa mikono yako. Haji aligundua najua kushona, akawa ananipa kaiti zilizochanika kidogo nizizibe kwa sindano, naye ananifundisha. Kila nilipovuta uzi nilikukumbuka ukinipiga kidole kwa futi: "Mishono ya karibu, Somoe. Unashona turubai, hushoni gunia."

Nilitaka kukuambia. Nilijaribu. Jioni moja nilikupigia nikasema leo mchana nilikuwa baharini, ukauliza, "Umeenda kazini au umeenda kucheza?" Nikacheka, nikasema kazini, baba. Mlango nikaufunga mwenyewe.

Ndipo ikaja ile kaiti ya bluu. Ilikuwa kuukuu, imechanika katikati urefu wa mkono wangu, na Haji akasema nikiweza kuiponya ni yangu. Kwa sindano haikuwezekana, ilitaka cherehani, na kwangu mimi cherehani ilikuwa moja tu duniani. Siku yangu ya mapumziko niliamka alfajiri, nikapanda boti, saa sita mchana nikawa nimesimama mbele yako Mtaa wa Sikukuu na furushi mgongoni. Kamba zake zote nilikuwa nimezifungua na kuzificha Paje.

"Nini hiki?"

"Turubai la hoteli, baba. La kivuli cha ufukweni."

Ulilitandaza mpaka likafika kwa jirani wa mlango wa pili. Ulilishika, ukalisugua kwa vidole, ukatikisa kichwa. "Kitambaa cha mwavuli hiki. Nani kawauzia? Na mbona limepinda?"

"La kizungu, baba."

"Na huu mpira wa pembeni?"

"Wa kulisimamisha. Wenyewe hawatumii vyuma."

Ukaguna. Naiona mpaka leo miwani yako ikiteleza puani na wewe ukimhurumia mzungu asiyejua vyuma. Boti ya mwisho ilikuwa inaniita, ukasema niende, utalimaliza na kulituma kesho yake. Ulinisindikiza hadi njia panda, ukanipa karanga za kula njiani.

Furushi lilifika likiwa limekunjwa vizuri kuliko nilivyolileta. Nilitoka zamu ya asubuhi nikikimbia, Haji akaijaza hewa, tukafunga kamba, upepo ulikuwa umekaza barabara. Kaiti ikanyanyuka kama futi tatu, ikajikunja, ikalala. Tukaijaribu tena, ikalala. Haji akaisogelea, akaipapasa polepole, akaniita.

"Dada, nani katoboa?"

Matundu kumi na mawili, baba. Kila moja la mviringo, limekunjwa pindo, limeshonwa mistari miwili, na juu yake kikofia kidogo cha kitambaa ili mvua isiingie. Sijawahi kuona kazi yako nzuri kuliko ile. Nilikumbuka mara moja ulichoniambia tangu nikiwa mdogo, kwamba upepo ukikosa pa kutokea unaondoka na turubai pamoja na vyuma vyake. Nilikuwa nimekuletea turubai jepesi la kuwekwa ufukweni kwenye upepo mkali, na wewe, bila kuambiwa, ukahakikisha upepo hautaliweza. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani, halafu nikagundua machozi yale si ya kicheko. Haji akaendelea kuigeuzageuza akisema huyo fundi wallahi anajua, basi tu.

Jioni ukapiga simu. "Vipi, linahimili?"

"Linahimili, baba. Halijaruka hata kidogo."

Hilo ndilo neno pekee la kweli nililokuambia kuhusu kitu kile. Ulifurahi mno. Nilikusikia ukigeuka na kumwambia jirani.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi ya uongo. Ndani ya furushi kulikuwa na pakiti ya gazeti imefungwa uzi, na ndani yake vile viduara kumi na viwili ulivyovikata, kwa sababu kitambaa cha mteja wewe hukitupi hata kikiwa kidogo vipi. Nilivitazama siku mbili. Siku ya tatu nilichukua wembe nikafumua kazi yako. Mimi, mtoto wa fundi, ninayejua kufumua mshono wa mwenzako bila ruhusa ni kumvunjia heshima. Nilivirudisha viduara mahali pake kimoja baada ya kingine, mishono ya karibu, na ilinichukua saa zangu za mchana za wiki nzima. Upepo ulivuma nje wiki nzima nami nimekaa ndani nashona. Naona nilistahili.

Kisha ikaruka. Mara ya kwanza niliyosimama juu ya ubao bila kuanguka ilikuwa na kaiti hiyo, ina viraka kumi na viwili, na wote ufukweni walinitambua kwa mbali kwa sababu yake. Nilienda, baba. Maji yalikuwa yanapiga nyayo zangu, niliipita hoteli, nikamwona Bi Mosi amesimama na mkono kiunoni ameshamjua Kusi ni nani. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na sikuweza. Nilirudi nikavaa sare nikagawa supu.

Mkataba ulipokwisha nikarudi kibandani, nikijiambia nitakuambia wiki ijayo. Lakini nilikuta umeshalijenga jambo. Mteja akiuliza kama turubai lako litastahimili, unamwambia, "Lipo langu moja kisiwani, hotelini, upepo wa bahari umelishindwa." Halafu unageuka: "Somoe, mwambie." Na mimi ninamwambia. Ninasema ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Ulikuwa ukivuta kiti kwa namna fulani ukishasikia hivyo, mgongo umenyooka, na ningewezaje kukunyang'anya hilo? Miaka ikapita hivyo hivyo. Macho yakaanza kukusumbua, ukaniachia cherehani, ukarudi Newala, na hadithi ukaondoka nayo.

Nisamehe, baba. Si kwa kaiti, hiyo ningeifanya tena. Nisamehe kwa kukufanya ujivunie kitu ambacho hakipo, wakati una mahema katika nusu ya jiji hili ambayo yapo. Hukukosea hata mshono mmoja. Uliambiwa kivuli, ukashona kivuli.

Na kuna lingine. Hoteli ile wamenipigia. Mhudumu wao anajifungua, wanataka mtu wa miezi mitatu, kuanzia Juni. Nimekubali. Kibanda atakiangalia fundi wa mlango wa pili, usianze kuhamaki, wateja wote nimeshawaambia. Nimeiomba tena zamu ya kukatika, na Bi Mosi, ambaye hajastaafu na sidhani kama atastaafu, amecheka kwenye simu akasema nimsalimie mchumba. Nina miaka thelathini na moja, nimetoa neno langu mwenyewe safari hii, na mchana nitacheza. Sikuwa nimewahi kukuambia hivyo waziwazi.

Kwa hiyo tiketi usiirudishe, badilisha tarehe tu. Njoo Juni, mama akulete. Turubai hutaliona, lakini kati ya saa tano na saa kumi nitakuwa majini, na kaiti niliyonayo sasa ni nyekundu na ni kubwa, daktari amesema rangi kali bado unazipata. Haji atakuwekea kiti. Hata kama hutaiona sura yangu utaona kitu chekundu kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, na ujue huyo ni mtoto wako uliyemsema hachezi. Mimi ndiye nilitaka unione, baba, tangu mwanzo. Niliogopa tu.

Kama umekasirika, kasirika. Kutoka Newala hadi hapa Dar ni siku nzima ndani ya basi, inatosha kukasirika na kumaliza. Mimi nitavuka kuja kuwapokea, nitakuwa nimesimama kituoni.

Mwanao akupendaye,
Somoe