Gamba lililojificha jichoni

Yaya Mwansa,

Jicho lipo. Naanza na hilo, maana najua wasafiri wamekwisha kukuambia kwamba mdogo wako amekuwa kipofu huku Nchelenge.

Kule Kabuta, mama ninayelala kwake alikuwa akipaa samaki, gamba moja likaniruka jichoni. Gamba likilowa huwa kama kioo. Watu wanne walichungulia, hawakuona kitu. Mama akanipaka masizi ya taa, dawa yake ya macho. Siku tatu nikaona ukungu tu.

Hospitalini muuguzi alinigusisha jichoni karatasi yenye rangi ya chungwa, akawasha tochi ya buluu.

"Tulia, batata," akaniita 'baba' kwa heshima ya huku. "Kidonda kinawaka kijani, na gamba iko katikati. Nani alikupakala masizi?"

"Mama wa nyumba."

"Umuambie taa ni ya kuwasha."

Lakini Yaya, masizi yaliyobaki kwenye kitambaa nilichojifutia machozi nayo yaling'aa kidogo chini ya tochi ile. Naye alikuwa tayari analitoa gamba kwa kibano. Mutu hatetei masizi wakati kibano kiko jichoni mwake.

Leo naona mpaka nyavu za mitumbwi ya mbali. Macho yote mawili yanatamani kukuona, Mungu akutunze. Na wanaoulizia baiskeli yangu niliyoiacha huko, uwaambie bado ina mwenyewe.

Mdogo wako,
Kasongo