Mkate Upande wa Mtoto

Jumapili, Kibomet. Mvua imeanza tukitoka kanisani, na mabati yanapiga kelele hadi nimezima redio. Baridi ya Kitale leo inaingia mpaka kwa meno. Lakini mimi nimetulia. Kama kuna mtu ana raha kunishinda hapa Trans-Nzoia, ajitokeze tupimane.

Shajara, wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa: kwa wiki mbili nimekuwa nikilala kwa sofa.

Mimi, fundi wa vitanda. Mtu ametengenezea maharusi vitanda kutoka Malakisi hadi Kapsokwony, akafanya kazi Kampala na Juba, akalaza mpaka mabalozi. Niliacha shule darasa la saba, lakini uliza profesa yeyote kama anaweza kuunda kitanda kisicholia.

Sofa yenyewe ni kazi yangu, ya watu wawili, fupi, kwa sababu nilikuwa nabana mbao. Miguu yangu sasa imejua wateja hupitia nini.

Mafundi wenzangu wakiuliza mbona napiga miayo, nawaambia ukioa mrembo hulali. Wanacheka, nacheka.

Ukweli ni kwamba Wanjiru, huyo mrembo, aliamka akakuta mkono wangu umelala juu ya kifua cha Nafula, binti yetu wa miezi mitatu. Na huu mkono ni wa kupiga randa, si wa karani. Nafula hakuwa ameumia. Alikuwa anautazama tu, kama mtu anayengoja lori ipite avuke. Wanjiru hakupiga kelele. Alisema, "Baba Nafula, kuanzia leo sofa."

Si ati mtoto hana kitanda. Nilimchongea kimoja kidogo, chenye maua pande zote, nikakiweka kwa kona. Tukimlaza huko analia kama tumempeleka kortini. Anataka harufu ya mama yake, basi.

Nikapigia mama yangu simu huko Bungoma, nikitafuta wakili. Nilipata hakimu.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo mama zetu huita vijana wao, "wewe nililala na wewe mpaka ukaanza kuchunga ng'ombe."

"Si unaona, mama. Sasa mwambie Wanjiru hivyo."

"Na baba yako alikuwa analala wapi?"

Akajijibu mwenyewe:

"Kwa mkeka, kando ya mlango. Na hakuwa na mdomo kama wewe."

Jana baada ya chakula cha mchana nikamlilia Wanjiru. Nikamwambia mimi silali ovyo, nimewahi kulala juu ya mbao za lori kutoka Juba na sikuanguka. Akaingia jikoni, akarudi na mkate mzima ukiwa bado kwa karatasi yake. Akauweka katikati ya kitanda, pale Nafula hulala.

"Huyu ndiye mtoto," akasema. "Lala hapo kando saa moja. Ukiamka na yeye ni mzima, umerudi."

Nilicheka, bana. Nililala nikicheka.

Nilipoamka mkate ulikuwa chini ya bega langu, umekuwa chapati. Wanjiru alikuwa mlangoni na Nafula begani.

Tuliula na chai. Nikatoa mzaha wa kwanza, nikatoa wa pili. Wa tatu nikauacha.

Ule mkate haukulia. Ningejuaje?

Hapa sijifanyi. Niliogopa, nikaenda karakana nikakaa juu ya benchi bila kushika kitu. Ndipo nikakumbuka muuguzi wa kliniki alikuwa ametueleza haya mambo. Mtoto alale karibu na mama lakini mahali pake mwenyewe, godoro liwe gumu, mito iwe mbali. Nilikuwepo. Nilikuwa namhadithia baba mwingine habari za Kampala.

Nikarudi nyumbani na mpango: nitoe upande mmoja wa kile kitanda kidogo, nikifunge na chetu, upande wa Wanjiru. Shida ni kwamba chetu ni kirefu, mtu hupanda kama anaingia trela. Miguu yake ni ya mvule, niliichonga mwezi mzima, na wateja huja sebuleni kuomba wachungulie tu. Nikasema nitaongezea kile kidogo miguu.

"Mtoto asipande," Wanjiru akasema. "Sisi ndio tushuke."

Nikakata yote minne. Sitasema zaidi juu ya hiyo saa.

Kisha nikasawazisha magodoro, nikakaza bolti, nikapitisha kidole nikitafuta mwanya. Hata kidole hakikupata njia. Mito na blanketi nzito vikahamia upande wangu, mbali na mtoto.

Leo, baada ya kanisa, mkate mpya. Wanjiru aliuweka kwa kile kitanda kidogo, akakaa katikati kama ukuta akimnyonyesha Nafula, akaniamuru nilale. Nililala bila kucheka.

Nilipofungua macho, mkate ulikuwa umekaa pale kama mgeni wa heshima. Wanjiru akauinua, akaubonyeza pande zote, ati anatafuta makosa. Hakupata. Akamlaza Nafula mahali pake, chali. Mtoto akakunja uso, nikajua sasa tumeisha. Akageuza kichwa, akamwona mama yake pale pale, akalegea.

"Haya," Wanjiru akasema. "Leo unalala huku."

Siku nyingine ningetoa hotuba. Nimesema "Sawa" tu, na hata kukohoa nimeogopa.

Sasa nakuandika kwa simu, mwangaza nimeupunguza. Wamelala wote wawili, mmoja anakoroma kidogo na si mtoto. Mimi niko upande wangu, macho wazi, nahesabu pumzi ndogo zinazotoka kule ng'ambo ya Wanjiru, na sina haraka yoyote ya kulala.