Mama Mkwe, Sijaahirisha Mwaka

Mama,

Shikamoo. Damari mjukuu wako amelala mchana huu, nami nimepata nafasi ya kukuandikia. Kuku wako mweusi bado anataga juu ya kabati la vyombo na hakuna anayethubutu kumtoa. Sisi wa hapa Kikuyu, Dodoma, tuko salama.

Nina habari ya shule. Wewe ndiye uliyekuwa unabaki na Damari nikienda chuoni Chimwaga kusomea masta ya mbinu za utafiti wa kijamii. Nilipokueleza kwamba tunafundishwa kuuliza watu maswali na kuyaelewa majibu yao, ulisema, "Kumbe umbea nao una digrii," ukawatangazia majirani wote.

Ulipofariki nilikata tamaa. Nani angebaki na mtoto? Na nilikuwa nimechoka, mama, nimechoka kweli. Nikamwambia msimamizi wangu nataka kuahirisha mwaka. Akasema, "Nenda Bahi ufanye mahojiano ya kwanza, ukirudi tutaongea."

Basi nikamfunga Damari mgongoni, tukaenda. Utafiti wangu unaukumbuka: akina mama wa mpunga wakiwa wanapandikiza, watoto wanabaki na nani? Nikawakuta wanawake wanne, tukakaa kwenye tuta la jaruba la mpunga, simu inarekodi kwa ruhusa yao. Nikauliza swali la kwanza. Mkubwa wao akaniangalia. "Na wako je, anabaki na nani?"

Darasani tunaambiwa mtafiti asijiingize. Nikasema tu, "Alikuwa anabaki na bibi yake," halafu nikajifanya naikaza kanga ya Damari.

Maswali yangu yakaishia hapo. "Amefariki? Mbona hukusema tangu unafika? Mtu ana msiba anakaa anauliza habari za mpunga?" Wakanawa matope, wakanishika mkono mmoja mmoja wakinipa pole, mkubwa wao akampokea Damari. Tukaenda kwake, tukala ugali wa uwele na mlenda. Katika kunifariji, kila mmoja akasimulia alivyofanya yeye. Mmoja alimlaza mwanawe kwenye beseni kando ya jaruba. Mwingine alimwachia mumewe, wenzake wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Wa tatu alipandikiza na wake mgongoni. Wa nne alisema jambo ambalo sitalisahau. Na simu ilikuwa bado inarekodi. Nilikuja kugundua nikiwa njiani kurudi.

Msimamizi akasikiliza yote. "Mama Damari, haya ni matanga, siyo mahojiano."

Nikamjibu kwa heshima, ila sikurudi nyuma. "Dokta, kwa maswali yangu yale wasingeyasema haya hata tungekaa mpaka jioni."

Akanirudishia simu. "Sawa. Lakini walikuruhusu kurekodi mahojiano, hawakukuruhusu kurekodi matanga. Rudi ukawaombe upya."

Nikarudi, nikawasikilizisha ile rekodi. Watatu wakakubali huku wakichekana sauti. "Hivi kweli mimi naongea kama mbuzi aliyefungwa?" Yule wa nne akatikisa kichwa. "Yangu futa, mwanangu. Yale nilikupa wewe, sikuwapa chuo." Yalikuwa ndiyo mazito kuliko yote, sehemu nzima ya sura ya nne ya tasnifu yangu. Nikayafuta mbele ya macho yake. Hata wewe sikuambii, mama, usinitege.

Nyumbani nikamsimulia mwanao habari ya yule aliyemwachia mumewe mtoto, maana mwenyewe ameridhia isimuliwe. Akamaliza chai yake. Mwishowe akasema, "Siku zako za darasa nitakaa naye kibandani." Sasa anatengeneza simu za watu huku Damari anacheza na makava ya zamani. Siku ya kwanza kumwogesha alimpaka sabuni akateleza kama kambare. Mafundi wenzake wanamwita Mama Mdogo. Anaitika.

Siku zisizo zake nambeba mwenyewe. Ipo siku alilia katikati ya semina, nikamnyonyesha hapohapo nikaendelea kujibu swali. Bado nachoka. Kuna asubuhi nasimama mlangoni na mkoba wa vitabu, namgeukia mtu wa kumkabidhi mtoto, na wewe hupo. Nasimama kidogo. Halafu natoka.

Msimamizi nimeshamwambia siahirishi. Kapumzike, mama. Mtoto ninaye na shule ninayo, na sitaacha hata kimoja.

Mkweo,
Mama Damari