Blanketi Jekundu la Miche

Zlatina mwanangu,

Supu ya maharage iko jikoni, ipashe. Miche ya pilipili nimeitoa dirishani, iko karibu na jiko la kuni. Taa ishushe iipe joto, ila isiguse majani. Maji ya kuimwagilia yawe ya uvuguvugu. ~~Mengine usishike.~~ Shika, mikono yako ni myepesi kuliko yangu.

Asubuhi nilifoka. Nilikuta blanketi tunalofunikia miche limening'inia nje kwenye theluji, nikakuuliza, "Umewavua nguo watoto wangu?" Ukasema, "Baba, leo Machi mosi, siku ya Bibi Marta, yule bibi wa hadithi mwenye baridi yake. Nimemtundikia kitu chekundu asituletee baridi." Ukaenda kazini hata chai hujanywa. Na marehemu mama yenu angetundika hilohilo, maana chekundu kingine humu ndani hatuna.

Blanketi liache hukohuko nje. Miche nimeifunika koti langu. Michache imelala, lakini mashina bado ya kijani. Naenda kijiji cha pili kwa Kolyo kumwomba mingine, nikichelewa kuleni tu.

Pilipili zikifa tutaotesha nyingine. Mkwe kama wewe sijui anaoteshwaje, kwa hiyo jioni niongeleshe.

Babu wa wanao,
Dimo