Mshenga Aliyeitwa Madamu

Tunduma, Alhamisi

Damu bado inanichemka. Jana darasani nilisema kwa Kifaransa kwamba nina furaha, kumbe nimetumia kivumishi cha kike. Mwalimu wetu, yule Mkongo, akaniinamia: "Karibu, madamu!" Mawakala wenzangu wa forodha wakavunjika mbavu, na leo kutwa nzima mpakani naitwa Madamu.

Sawa tu. Jumamosi anakwenda Vwawa kuposa. Huku hana ndugu, kwa hiyo mshenga wake ni mimi. Akijisemea mwenyewe mbele ya wazee, watamwona hana adabu.

Namwonea huruma binti wa watu, maana anampenda kweli. Lakini...

Nitavaa koti, nitamfikisha hadi sebuleni. Wazee wakisema, "Haya mshenga, tunakusikiliza," nitashika koo, nikohoe.

Madamu amepoteza sauti.