Malisho ya Ndama Ndani ya Mfupa

Maisaka,
S.L.P. 318,
Babati, Manyara.
17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Parsimei,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia kwa sababu najua ukiuona mwandiko huu utaniamkia hata kabla hujakaa chini. Hujambo wewe? Mama Naisula hajambo? Na Naisula mwenyewe, bado anaukataa ugali au ameshauzoea? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Upepo wa Agosti unavuma, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na mbaazi zimeanikwa kila mahali, mtu huna pa kukanyaga.

Barua hii anakuletea Kandida, binti wa jirani yangu, anayekuja kusoma katika mji huo huo wenu. Mpokee vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Kwenye mzigo wake kuna shanga alizotunga wifi yangu Soipei kwa ajili ya Naisula. Nilitaka kuongeza samaki wa ziwani waliokaushwa, Kandida akaniambia kwa upole kwamba huko uwanja wa ndege watamrudisha yeye pamoja na samaki wake. Basi tumewala wenyewe.

Utajiuliza kwa nini dada yako ameacha simu ameshika kalamu. Nitakuambia, ila kwa zamu yake. Unanijua, mimi habari siianzii mkiani.

Kaka yetu, Baba Wilson, bado yuko kwangu. Soipei na Wilson wamebaki Simanjiro na ng'ombe. Kila anapoishiwa nguvu tunampeleka hospitali anaongezewa damu, anarudi amechangamka, halafu baada ya muda anafifia tena. Daktari Vailet anasema kile kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa yake kimeharibika, na kikiachwa hivyo kinaweza kugeuka kansa ya damu yenyewe. Haya unayajua kuliko mimi. Usilolijua ni jinsi mji unavyomchosha. Asubuhi anakaa mlangoni na fimbo yake anatazama bajaji zinavyopita, na sasa anazitambua moja moja kama ng'ombe. Juzi jirani amebadilisha kioo cha pembeni cha bajaji yake, mzee akamuuliza, "Huyu amevunjika pembe wapi?"

Sasa nikupe sifa zako, maana siku ile ulipotupigia ulisikia sauti tu, nyuso zetu hukuziona.

Kabla hujapiga, kaka alikuwa ameshakataa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba tiba ya kudumu ni kupelekwa India na kuwekewa uboho wa ndugu yake, wa baba mmoja na mama mmoja, akilingana naye. Mimi nikaruka palepale, nikasema nitatoa mimi. Kaka akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto anaropoka mbele ya wageni. Alisema, na maneno yake yananikaa kichwani mpaka leo, "Boma likiingiwa na kupe tunahama. Hatuleti mle ndama mzima wa mtu. Ataugua ndigana afe, na aliyemtoa atakuwa amepoteza ndama wake bure." Ukimwambia mchungaji wa miaka hamsini kwamba hilo si kweli, utakuwa wewe ndiye mjinga. Sote tumewahi kumzika ndama wa namna hiyo. Nilibembeleza, nikanuna, nikakataa kumpikia chai siku nzima, wapi.

Ndipo simu yako ikaingia. Nikaiweka juu ya stuli, nikafungua sauti, kaka akakuuliza swali lake hilo hilo la ndama na kupe. Ukasema, "Kaka, hilo ndilo swali tunaloulizana kazini kwetu kila siku."

Nakuambia ukweli, nilijivuna mpaka nikaona haya. Miaka yote hii watu wakiniuliza mdogo wako anafanya nini Ujerumani, nilikuwa nasema ni daktari wa panya, tunacheka, yanaisha. Nilikuwa nakutania kwamba ulikimbia kuchunga ng'ombe ukaenda kuchunga panya. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba bado unachunga, ila umeingia mahali ambapo mchungaji hajawahi kufika.

Ulipotaja olopololi kaka alisogeza kiti. Ukasema ndani ya mfupa nako kuna olopololi, sehemu iliyozuiwa karibu na boma ili ndama na wagonjwa wapate nyasi laini, ng'ombe wakubwa wasiimalize. Seli shina, yaani zile zinazozaa damu yote tuliyo nayo, zinakaa humo kwenye hifadhi yake, na seli nyingine zilizo jirani ndizo zinazozilisha, zinazituliza zisichoke, na kuziamsha damu inapohitajika. Mimi nilikuwa nadhani mfupa ni mfupa tu, kitu cha kutilia supu. Kumbe umo ujirani mzima.

Halafu ukasema lile lililoninyima usingizi. Kwamba ujirani ule ukizeeka, hata seli iliyokuwa nzuri inaanza kuzaa ovyo. Kwamba seli moja mbaya, ambayo zamani majirani wangeibana ikatulia, inapata upenyo inastawi, na ikishastawi inapageuza mahali pale pawe pazuri kwake na pabaya kwa wenzake. Nikajishika magoti yangu haya yanayolia nikiinama. Ina maana uzee wa ng'ombe ni wake, lakini ni wa malisho pia. Mungu alipotuumba hakuharakisha, Parsimei. Na wewe kukaa miaka kuchungulia kazi yake mpaka uone nani anamlisha nani, mimi nakuvulia kilemba.

Tena hukumdanganya kaka. Hilo ndilo lililomshinda. Ukamwambia wazi kwamba umeona seli changa zikiwekwa kwa panya mzee na hazikufanya kazi kama zinavyofanya kwa panya kijana, kwa hiyo hofu yake ni ya haki. Ukamwambia kwanza atapewa dawa kali ya kuondoa mifugo yote mibovu iliyomo, na kwamba dawa hiyo itamuumiza, nywele zitakwenda, chakula kitamshinda, na wengine hawavuki hapo. Kisha seli mpya zinatiwa kwenye mshipa wa mkono tu, na zenyewe zinajua njia mpaka ndani ya mfupa. Kaka akauliza nani anaziswaga. Ukasema hakuna, mifupa yenyewe inaziita. Hapo mzee alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Pasaka.

Mwisho akakuuliza kama boma lake litakuwa jipya. Ukasema, "Jipya hapana, kaka. Lakini bado linaweza kulisha." Akasema amesikia, akanirudishia simu, wewe ukabaki hujui amekubali au amekataa mpaka nilipokutumia ujumbe asubuhi yake. Baada ya simu kukatika aliniambia, "Mtu anayekutajia ubaya wa malisho yake hawezi kukuuzia ng'ombe mgonjwa. Nitakwenda." Parsimei, wazee wanne wa ukoo walikuja hapa wakamsihi, na mchungaji wa kanisa, na mimi na chai yangu. Ulimgeuza wewe, kwa kusema usilolijua na unalolijua bila kuyachanganya.

Nisisahau, yule mama wa Bagara anayeuza vidonge vya kurudisha ujana nimemfukuza. Alikuja na kopo lake, anasema ndani kuna seli shina zenyewe, ukimeza unakuwa kigori. Nikamuuliza zikifika tumboni zitakuta majirani gani wa kuzipokea. Akaniambia nimeanza dharau. Basi, siku hizi nami ni msomi.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu.

Umekuwa ukiniuliza majibu ya kipimo changu, nami nakujibu bado, bado. Yalishatoka. Daktari Vailet aliponiita nilivaa shanga zangu za sherehe, zile kubwa, nikapanda bodaboda nikiwa nimenyooka kama bibi harusi. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ndugu wa tumbo moja si lazima walingane, ila mimi sikumsikia, nilishajiona nimetoa. Hatukulingana. Wilson anaingia nusu tu, kama kila mtoto kwa baba yake, na Daktari anasema kwanza tutafute aliyelingana kamili. Nilizivua shanga njiani nikazitia kwenye mkoba. Niliumia sana, mdogo wangu. Niliichukia hii damu yangu, kwamba imekula chungu kimoja na yake miaka yote halafu siku ya kazi inageuza uso.

Kaka alininyamazisha mwenyewe. Aliniambia aliyenyoosha mkono kutoa amekwisha kutoa. Nikajifuta machozi nikasema amebaki Parsimei. Akaiweka fimbo chini. Akasema, "Huyo hapana. Mama alipofariki alimwacha mikononi mwangu. Mimi ndiye wa kumpa yeye, si yeye wa kunipa mimi. Ana mtoto mdogo na ana kazi. Usimpigie simu."

Basi sijapiga.

Ningeweza kunyamaza pia, maana neno la mkubwa ni zito na wewe unajua sijawahi kulivuka. Lakini Alhamisi tulikuwa kwa Daktari, akamuuliza kama ana ndugu mwingine wa baba na mama yule yule. Nikatazama ukuta, nikingoja aseme hana. Kaka akajibu, "Ninaye. Paashe yuko mbali."

Daktari Vailet ni mtu wa Mbulu, Kimaasai hakijui, akadhani ndilo jina lako, akaliandika. Umekaa sana ugenini, lakini hili huwezi kulisahau: mtu akimpa mwenzake ndama jike, wote wawili wanaacha majina yao, wanaitana Paashe mpaka kaburini. Na hakuna anayeitwa hivyo kabla ndama hajapita langoni. Kwenye bajaji nikamuuliza amemwita nani Paashe. Akatazama barabara, akasema, "Nimekosea." Huyu mtu anawajua ng'ombe wa babu yetu kwa majina, hata waliokufa kabla hajazaliwa. Hakukosea. Anataka kuishi, Parsimei, na anaona haya kukuomba.

Kwa hiyo nakuomba mimi. Nenda kapime damu, uone kama mnalingana. Daktari anasema mtoaji hupata maumivu ya siku chache na mwili wake hurudisha alichotoa, ila wewe ndiye mwenye elimu hiyo, jipime mwenyewe na uongee na Mama Naisula. Ukiona huwezi, mimi dada yako sitakununia, na kaka hatajua kamwe kwamba uliombwa. Nimeogopa kuandika maneno haya, nimeyaandika.

Soipei anakusalimu sana, anasema shanga zikimbana Naisula zifunguliwe uzi mmoja. Wilson anakusalimu, sasa ana ndevu na anajiona mzee wa boma. Leonard wangu anasema shikamoo mjomba. Mama Naisula mwambie wifi yake anamkumbuka, na mtoto mumbusu mashavu yote mawili. Enkai awalinde usingizini na mnapotembea, awape mvua kwa kipimo na majirani wema, nje ya mwili na ndani yake.

Na ukishapima ukakuta mmelingana, nawe moyo wako umekubali, mpigie kaka. Usimweleze habari za seli, alishazielewa. Usimtajie barua hii. Akipokea simu, msalimie tu, "Paashe," halafu umwache aitikie.

Dada yako akupendaye siku zote,
Nairesiae (Mama Leonard)